Lamu tuna huruma, tunachokosa ni vyumba: uzi wa kuwalea paka na mbwa waliookolewa

Mwenye Daka (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Mkomani, Langoni, Shela na Matondoni, pamoja na jirani zetu wa Manda, Mokowe na Hindi.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo naliona likijirudia kila mwaka. Mtu humwokota paka aliyevunjika mguu karibu na soko la samaki, akamfunga ndani ya kikapu na kumpeleka kwa daktari wa mifugo, na daktari akamtibu vizuri. Baada ya hapo huja swali ambalo mara nyingi halina jibu: alale wapi mpaka mfupa uunge? Kliniki ina vizimba vichache, na kila kizimba kinachokaliwa na mnyama anayepona polepole kimefungwa kwa mwingine anayetokwa na damu. Matokeo yake ni kwamba paka hurudishwa mtaani kidonda kikiwa bado kibichi, au aliyemwokota huchoka, na safari nyingine akimwona paka wa namna hiyo hupita njia.

Ndiyo maana ninasema kwamba huruma si tatizo la mji huu. Nani kati yetu hajaona wavuvi wakiwatupia paka matumbo ya samaki, au mama akiacha bakuli la maji barazani wakati wa jua kali? Tunachokosa ni chumba kimoja hapa na kingine pale, kwa wiki mbili au tatu, na mtu wa kumtazama mnyama asubuhi na jioni. Huko ndiko kulea kwa muda. Mlezi wa muda hamchukui mnyama awe wake. Anampa hifadhi hadi apone, au hadi akue vya kutosha kutengana na mamaye, kisha anamkabidhi kwa mwenye kumweka daima, au anamrudisha mahali alipozoea kuishi ikiwa ni paka wa mtaa asiyependa watu.

Haja hiyo ina misimu yake, na mwenyeji anaijua bila kuelezwa. Wakati wa kaskazi, wageni wanapojaa Shela na mjini, paka hupata mabaki mengi kwenye mikahawa. Kusi ikishaingia, na mvua ya masika ikaanza, hoteli nyingi hufunga milango kati ya Aprili na Juni, bahari huchafuka, mashua hutoka kwa nadra, na mabaki hayo hukatika karibu kwa siku moja. Sasa fikirieni: paka jike hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 hivi. Aliyeshika mimba Februari, chakula kilipokuwa tele, atazaa Aprili, chakula kilipokwisha. Hapo ndipo tunapookota watoto wa paka waliokauka kama kuni kwenye vichochoro, na hapo ndipo vyumba vinapohitajika kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka.

Kwa upande wa punda hali yetu ni bora, na ni vyema tutafakari kwa nini. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kituo cha matibabu hapa Lamu, na leo mwenye punda anayechechemea anajua pa kumpeleka. Lakini punda ana mwenyewe, na akiugua riziki ya mwenyewe husimama. Paka wa mtaa hana mwenyewe anayepata hasara, kwa hiyo uzima wake unategemea watu waliojitolea tu. Ninaomba mnaosoma mtoe maoni, na mwenye swali aulize.

Bint Shela

Waaleikum salaam, kaka. Nimefurahi kwamba umelianzisha jambo hili. Kwetu, nyuma ya nyumba, kuna watoto wanne wa paka chini ya rundo la makuti, macho bado hayajafumbuka, na mama yao sijamwona tangu asubuhi. Nina chumba, lakini sijawahi kulea wadogo namna hii. Niwachukue?

Mwenye Daka

Dada yangu, usiwachukue kwanza. Kaa mbali, mahali ambapo mama yao hawezi kukuona, na uangalie kwa saa kadhaa. Paka mwenye watoto hulazimika kwenda kutafuta chakula, na wengi wa watoto wanaoitwa yatima kwa kweli wamechukuliwa mama yao akiwa sokoni. Ikiwa wamejikunyata pamoja, wana joto, matumbo yao yamejaa na wamenyamaza, basi mama yupo. Ukitaka kusaidia, weka chakula na maji hatua chache kutoka hapo, wala usisogeze makuti. Maziwa ya mama yao hayana mbadala unaolingana nayo.

Wakiwa wanalia bila kukoma, ni baridi ukiwagusa, au sisimizi wameanza kuwapanda, wachukue bila kusubiri. Umri wao unaweza kuukisia kwa macho, kwa kuwa hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, hivyo hao wako katika wiki yao ya kwanza au ya pili.

Jambo la kwanza ni joto, na chakula hufuata baadaye. Mtoto wa paka wa umri huo hawezi kujipasha joto mwenyewe, na akilishwa akiwa baridi, maziwa hayasagiki tumboni na anaweza kufa hata kama umemlisha kwa mapenzi yote. Jaza maji ya moto katika chupa ya plastiki, uizungushie kanga kuukuu, uiweke upande mmoja wa boksi ili mtoto aweze kuisogelea au kuikimbia, na usubiri mpaka tumbo lake na nyayo zake viwe na joto mkononi mwako. Pwani tunadhani hakuna baridi, lakini usiku wa kipupwe, upepo wa kusi ukiingia dirishani, unatosha kuwaua.

Kisha maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama nusu tu ya ile iliyomo katika maziwa ya paka, na huwaharisha. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ambayo huagizwa Mombasa, na inafaa kikundi chetu kiwe na kopo moja la akiba kabla ya masika. Mlaze mtoto kifudifudi, miguu ikigusa kitambaa, kichwa kikiinuka kidogo kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, kwa sababu maziwa huingia mapafuni. Tumia bomba dogo la sindano lisilo na sindano, utoe tone baada ya tone, na ukiona povu puani, simama mara moja. Wiki ya kwanza hulishwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Baada ya kila mlo pangusa sehemu zake za siri kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, polepole, mpaka akojoe. Mama yao huifanya kazi hiyo kwa ulimi, na wao wenyewe hawawezi kukojoa bila kuchochewa mpaka wafike kama wiki tatu.

Mwisho, tafuta mizani ya jikoni. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, na anapaswa kuongezeka gramu 10 au zaidi kila siku. Andika uzito wa kila mmoja kila asubuhi kabla ya kumlisha. Macho yako yatakwambia kwamba wote wanaendelea vyema, na mizani itakuonyesha yule ambaye hajaongezeka tangu jana. Huyo ndiye wa kumpeleka kwa daktari leo badala ya kungoja kesho.

Bint Shela

Nimekaa dirishani na ninatazama. Nitawaeleza.

Mama Wawili

Mimi ningependa kushiriki, lakini mume wangu ana wasiwasi. Tuna watoto wawili wadogo, na mimi nina mimba ya miezi minne. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe, ina kiwanda kidogo, yaani ua wa ndani, na dari iliyo wazi juu. Je, ni salama?

Mwenye Daka

Mama, wasiwasi wa mume wako ni wa haki na unastahili jibu kamili, wala si kuambiwa tu kwamba paka ni baraka.

Kuhusu mimba: kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma ambacho paka, hasa mdogo anayewinda panya na ndege, anaweza kukitoa katika kinyesi chake, na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kinyesi hicho huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo sanduku la mchanga likisafishwa kila siku hatari hupungua sana. Pamoja na hayo, wewe usilisafishe kabisa hadi ujifungue. Kazi hiyo iwe ya mume wako au mtu mwingine mzima. Ushauri wangu wa dhati ni kwamba kwa miezi hii usilee mnyama nyumbani. Yapo mengine mengi ya kufanya, nami nitayataja hapa chini.

Kuhusu watoto: ugonjwa unaohama kwa urahisi zaidi ni choa. Paka hunyonyoka manyoya katika mabaka ya mviringo, na watoto wanaomkumbatia hupata viduara vya kuwasha mikononi na shingoni. Si hatari, hutibika, lakini huchukua wiki nyingi na huwachosha kina mama. Ndiyo sababu kila mnyama anayeingia nyumbani kulelewa hukaa chumba chake peke yake kwa siku 14, bila kuchezewa na watoto na bila kuchanganywa na paka wa nyumbani. Siku hizo pia huwakinga paka wako dhidi ya mafua ya paka na dhidi ya kile kirusi cha matumbo kinachoweza kumaliza watoto wote wa paka wa nyumba moja kwa siku mbili tatu. Kirusi hicho hubaki sakafuni kwa miezi mingi. Hakifi kwa sabuni peke yake; baada ya kuosha kwa sabuni, pitisha jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 30 hivi vya maji, uache sakafu iwe na unyevu kwa dakika 10, kisha suuza na ukaushe kabla mnyama mwingine hajaingia.

Na kwa kuwa umeitaja nyumba ya mawe, niseme na walio na nyumba za namna hiyo. Dari si mahali pa kumweka paka anayelelewa, kwa kuwa ataruka dari kwa dari na asubuhi atakuwa mtaa wa pili. Kiwanda kinafaa kwa paka mzee mtulivu tu. Chumba bora ni kile kidogo cha ndani, chenye mlango unaofungika na tundu la hewa, ambacho watu hukitumia kama ghala. Na wale ambao bado wana birika la maji chooni, lenye vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, walifunike kwa ubao. Mtoto wa paka akiona kitu kinachocheza majini hufuata, na kuta za birika zimepakwa chokaa laini, hana pa kushika kucha.

Jambo jingine ni dawa za nyumbani. Usimpe paka panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli; kidonge kimoja kinatosha kumuua. Usimpake dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, kwa kuwa nyingi zina pamethrini, ambayo mbwa huistahimili na paka hutetemeka nayo mpaka kufa. Wala usioshe kizimba chake kwa ile dawa ya kuulia viini inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa majini. Watu huzifanya hizi zote kwa nia njema kabisa.

Mpita Njia wa Langoni

Mimi niulize la mbwa, kwa heshima. Sisi wengi hapa ni Shafi, na mbwa ni najisi nzito. Kichwa cha uzi kimewataja mbwa pamoja na paka. Mnatutaka tuwaingize majumbani?

Mwenye Daka

Hapana, ndugu yangu, na ninakushukuru kwa kuuliza waziwazi badala ya kuufunga uzi na kwenda zako. Mimi si mwanachuoni, na hukumu nawaachia masheikh. Ninachojua ni kile tulichosomeshwa sote chuoni, yaani madrasani: kwamba chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwamba kumfuga kwa ulinzi wa mifugo au shamba kumeruhusiwa. Tumesomeshwa pia habari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Twahara na huruma havigongani. Mtu anaweza kuishika ya kwanza kwa ukamilifu na asiiache ya pili.

Kwa hiyo mbwa hatuwapangii nyumba za mjini. Mjini ni vichochoro, hakuna pa kumfungia mnyama bila kumtia jirani taabu anapokwenda msikitini na kanzu yake. Walezi wa mbwa tunawatafuta bara na Manda, kwa watu wenye mashamba na viwanja vyenye ua, ambao tayari wana mbwa wa kufukuza nyani na wanajua tabia zao. Wa mjini asiyetaka kumgusa mbwa anaweza kuchangia chakula, kulipa nauli ya boti, au kumjulisha daktari kwamba kuna mbwa mgonjwa kwenye gati. Hakuna anayeombwa zaidi ya hapo.

Mkulima wa Hindi

Mimi niko huku, nina shamba na banda lililokuwa la mbuzi. Nilimlea jike mmoja aliyetolewa Mokowe, nami naomba niieleze habari yake, kwa sababu wengi wanawaona mbwa wa namna hiyo na kudhani hawana dawa.

Alikuwa akitokwa na damu chini ya mkia kwa muda mrefu, na palikuwa na uvimbe ulioota kama koliflawa. Watu walimfukuza kwa mawe kwa sababu ya harufu. Daktari alitueleza kwamba ni uvimbe unaoambukizwa kati ya mbwa na mbwa wanapopandana, na kwamba seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Hutibiwa kwa dawa iitwayo vinkristini, ambayo hupigwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na wengi hupona kabisa. Tatizo halikuwa dawa. Tatizo lilikuwa ni nani atakayekuwa na mbwa huyo wiki ijayo, siku ya sindano ikifika, kwa kuwa mbwa wa gatini leo yuko hapa na kesho hajulikani aliko. Ukikatiza dawa katikati, umepoteza fedha na mnyama hajapona.

Banda langu lilifanya kazi hiyo tu, ya kumfanya apatikane. Nilimfunga kamba ndefu chini ya mwembe mchana, na usiku alilala bandani. Kwa siku chache baada ya kila sindano tulivaa glavu za mpira tulipofagia mkojo na kinyesi chake, kwa kuwa dawa ile ni kali na hutoka mwilini kwa njia hiyo, na watoto hawakuruhusiwa kumkaribia. Uvimbe ulianza kukauka baada ya sindano ya pili. Alipopona alifungwa uzazi, akachanjwa, akachukuliwa na jirani mwenye mifugo. Nina nafasi ya mwingine.

Mwenye Daka

Bwana Mkulima, Mungu akubariki. Umeeleza kwa ufasaha kuliko nilivyoeleza mimi kule juu.

Niongeze la kichaa cha mbwa, kwa kuwa hatuwezi kuzungumza juu ya mbwa tukaliacha. Duniani kote, takriban visa 99 kati ya 100 vya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kenya ina mpango wa taifa wa kuutokomeza, wa mwaka 2014 hadi 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, kwa sababu wakifikia idadi hiyo ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mlezi wa muda ana sehemu kubwa hapo, maana mbwa asiye na mtu wa kumshika siku ya chanjo hachanjwi. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi 3.

Anayejitolea kuwashika mbwa na paka wasiojulikana mara kwa mara aulize hospitali kuhusu chanjo ya kinga kabla ya kuumwa, ambayo kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutolewa katika siku mbili, ya pili wiki moja baada ya ya kwanza. Na ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala unga wa betri. Mnyama aliyekuuma asiuawe ikiwa anaweza kufungwa salama. Aangaliwe kwa siku 10, kwa kuwa akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na uwezo wa kukuambukiza wakati alipokuuma.

Kijana wa Mkomani

Yote haya ni mazuri, lakini gharama ni ya nani? Na kwa nini serikali ya kaunti isifanye kazi hii?

Mwenye Daka

Swali lako lina msingi katika Katiba yenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, katika orodha ya kazi za kaunti, linataja udhibiti na ustawi wa wanyama, likiwemo jambo la leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Pia tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kwa hiyo si ombi la hisani tunapoiomba kaunti ilete chanjo au itenge kiwanja, na ninaunga mkono mtu yeyote atakayeandika barua kwa heshima na kutaja vifungu hivyo. Lakini barua huchukua muda wake, na paka aliyezaa kwenye mtaro hana muda huo.

Kuhusu gharama, utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba mlezi asitoe fedha kwa matibabu. Yeye anatoa chumba na saa zake. Kikundi kitoe dawa, chanjo na chakula. Mambo haya yakichanganywa, mtu mwenye chumba lakini asiye na fedha huona aibu kujitokeza, nasi tunampoteza. Na fedha nyingi zaidi ziende katika kufunga uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, na anaweza kuzaa mara 2 au 3 kwa mwaka. Kuokoa bila kufunga uzazi ni kujaza jahazi lenye tundu. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu hupenda kuchangia paka mmoja mwenye picha ya kusikitisha, lakini si rahisi wachangie upasuaji wa majike kumi wenye afya, ingawa huo ndio unaozuia mamia ya picha za kusikitisha za miaka ijayo.

Hata hapo chumba kinahitajika. Jike akishapasuliwa hapaswi kuachiliwa mtaani akiwa bado na nusukaputi mwilini. Anahitaji mahali pakavu, penye giza kidogo, kwa usiku mmoja na ikiwezekana siku chache, mpaka kidonda kifunge. Hiyo ndiyo malezi rahisi kuliko yote, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Huhitaji kumshika wala kumzoeza. Unaweka kizimba, unakifunika kwa shuka, unabadilisha maji na mchanga, na unatazama kama mshono una damu au usaha. Akipona anarudi mtaani kwake, ncha ya sikio lake ikiwa imekatwa alipokuwa usingizini, ili asikamatwe tena bure.

Bint Shela

Kaka, mama yao amerudi. Alikuja na kipande cha samaki mdomoni, akaingia chini ya makuti. Nimemwekea maji.

Mwenye Daka

Alhamdulillahi. Endelea kumlisha mahali pale pale kila siku kwa saa ile ile. Watoto wakifika wiki nne au tano wataanza kula wenyewe, na hapo ndipo chumba chako kitafaa, kwa kuwa mtoto wa paka huzoea watu kwa urahisi mpaka kama wiki ya saba, na baada ya hapo kazi huwa ngumu. Mama yao tutamkamata tumpeleke akafungwe uzazi watakapoacha kunyonya.

Mama Wawili

Nimesoma yote na mume wangu. Lililobaki moyoni mwangu ni kwamba siku ya kumtoa mnyama niliyemlea nitalia, na watoto watalia zaidi.

Mwenye Daka

Utalia, mama, na hakuna njia ya kulizuia hilo. Mimi nalia. Lakini mlezi anayebaki na kila mnyama huwa na nyumba iliyojaa baada ya mwaka mmoja, na kikundi kimepoteza chumba. Kinachosaidia ni kushiriki katika kumchagua anayemchukua. Umemlea, unajua kwamba huyu anaogopa sauti za watoto na yule hatulii bila mwenziwe, kwa hiyo ni haki yako kuuliza: nani atamlisha mkisafiri, ana mbwa au paka wengine, jirani watasemaje, na yuko tayari kumpeleka kwa daktari akiugua? Mnyama hauzwi, wala hatolewi kabla ya kutimiza wiki nane na kupewa dawa ya minyoo, na kama ana uzito wa kutosha, yaani karibu kilo moja, afungwe uzazi kabla hajaondoka. Ahadi za kumfunga baadaye husahauliwa. Na anayemchukua aambiwe wazi kwamba mambo yakimshinda, mlango wa kurudisha uko wazi bila lawama, ili asije akamtupa ng'ambo.

Kwako wewe, mpaka ujifungue salama, ninaomba kazi ya daftari. Tunahitaji mtu mmoja anayeandika kila mnyama alikookotwa, tarehe, chanjo, dawa, yuko kwa nani, na lini anarudi kwa daktari. Bila daftari hilo chumba hugeuka kuwa mahali pa kusahaulia wanyama. Kazi nyingine ambazo hazihitaji chumba ni hizi: seremala wa kutengeneza vizimba vyepesi vya mbao na wavu, manahodha wa kubeba vikapu kutoka Shela na Mokowe, na muuza samaki wa kutuwekea vichwa kila jioni miezi ya kusi, ambavyo tutavichemsha na kutoa miiba kabla ya kuwapa.

Mama Wawili

Daftari nalichukua. Mume wangu anasema yeye ni seremala, na mbao za vizimba viwili anazo. Anauliza vipimo.

Mwenye Daka

Mwambie shukrani nyingi. Urefu sentimita 90, upana 60, kwenda juu 60, mlango mbele ufunguke kwa kwenda juu, na sakafu iwe ya ubao mmoja unaochomolewa ili uoshwe. Wavu uwe wa matundu madogo, kichwa cha mtoto wa paka kisipite. Bwana Mkulima, kuna mbwa dume kwenye gati la Mokowe mwenye kidonda shingoni, nadhani ni kamba iliyomwingia nyamani. Kama banda bado liko wazi, nitazungumza na daktari kesho, tumlete kwako kabla ya Ijumaa.

Mkulima wa Hindi

Liko wazi. Mleteni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mnijulishe kama ameshachanjwa.